Kimya cha Sebuleni

"Rudia, baba."

Fundi akatoka nje, akafunga mlango wa nyumba yake mwenyewe, akasubiri kidogo, akaufungua, akaingia. Alikuwa ameingia kwa mlango huo kila jioni tangu binti yake hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaingia vibaya.

"Umetazama kamera," binti akasema.

"Yenyewe ndiyo imeanza kunitazama."

"Jifanye haipo."

"Kitu cha miguu mitatu kimesimama katikati ya sebule yangu, nijifanye hakipo?"

"Mzee, ingia tu kama siku zote," alisema Miwani, msichana aliyekuwa akisoma darasa moja na binti na ambaye ndiye aliyeshika kamera. "Ingia umetoka kazini, umechoka."

"Leo Jumapili. Sijachoka."

"Kaka, choka bwana," akadakia Shangazi kutoka kwenye kochi. "Choka kama siku ile tulipobeba kabati la marehemu mjomba. Hii ni filamu, siyo uchaguzi, usiingie unatabasamu."

Fundi akatoka tena. Safari hii aliingia akiwa amechoka kwelikweli, maana kuingia nako ni kazi.

Binti alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha filamu, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia alitengeneza filamu ya muuza matunda, picha nzuri zisizo na dosari, lakini hakuvaa hedifoni hata siku moja, akidhani sauti hujiingiza yenyewe kama vumbi. Kilichoingia ni upepo. Walimu waliusikiliza upepo mpaka mwisho, wakamshukuru kwa adabu, wakamfelisha. Utaratibu wa chuo ulikuwa mfupi: unafeli mara moja, unarudia, unafeli mara mbili, unarudisha kitambulisho getini. Tangu hapo Shangazi alimwita Profesa, na binti alivaa hedifoni kila kamera ilipowashwa, hata kama kilichokuwa kinapigwa picha ni kikombe.

Filamu ya mwaka huu ilimhusu baba yake, fundi wa makochi, na mikono yake. Mwalimu aliposikia wazo hilo alisema, "Haya."

"Sasa naomba wote mnyamaze," binti alisema. "Tunarekodi kimya."

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Mnarekodi nini?"

"Kimya, mama. Kimya cha sebuleni."

"Kimya nacho kina mahali pake?"

"Kila chumba kina kimya chake. Wakati wa kuhariri, ukikata maneno ya mtu panabaki shimo. Shimo hilo unaliziba kwa kimya cha chumba kilekile, mtazamaji asijue."

"Kiraka," alisema Fundi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alielewa jambo. "Ukiziba kochi kwa kitambaa kingine, hata kipofu atakiona kwa mkono."

"Hivyohivyo, baba."

Wakakaa. Mama alishika mwiko kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Fundi akaweka mikono magotini na kuvuta pumzi ndogondogo, akiogopa ya kwake isiharibu kazi. Jokofu la jikoni lilikuwa likinguruma. Mbali huko mtu alikuwa akiita mtu mwingine ambaye haitiki. Kisha, polepole, kwa sauti ndefu iliyoanza chini na kupanda, tumbo la Shangazi likasema.

"Hilo ni tumbo langu," Shangazi akasema. "Mlifute."

"Shangazi! Umeongea!"

"Sasa tumbo liongee, mimi mwenye tumbo ninyamaze?"

Binti alitaka kurudia, lakini Miwani akasema betri imekwisha. Kimya cha nyumba hiyo kikabaki kilivyo.

 

Siku waliyokwenda karakana, Tajiri alikuwa ameshafutisha vumbi kwenye kibao cha mlangoni na kuvaa koti. Alikuwa kijana wa makamo aliyerithi karakana kwa baba yake pamoja na mafundi waliomo.

"Mimi nianzie wapi?" aliuliza.

"Bosi, filamu inamhusu Fundi," Miwani akasema.

"Sawa, sawa. Mimi nitapita tu."

Akapita. Akapita tena na karatasi mkononi. Alipita mpaka mafundi wengine wakaanza kumpisha kabla hajaja.

Fundi alikuwa akifunga springi za kochi la watu watatu. Ndani ya ukosi wa shati lake binti alikuwa amembandika maiki ndogo kama punje ya mahindi, waya wake ukishuka mpaka kwenye kiboksi kilichochomekwa mkandani. Alichosema Fundi, hata kwa kunong'ona, hata akiwa nyuma ya ukuta, kilifika masikioni mwa binti kama amekisemea shingoni mwake.

"Fundi," Tajiri akaita kutoka mlangoni mwa ofisi yake ndogo, "njoo mara moja."

Fundi akaenda, na mlango ukafungwa. Chuoni walikuwa wamefundishwa kwamba kamera haizimwi kwa pupa, kwa hiyo Miwani aliiacha iendelee kutazama mlango. Binti naye alipaswa kuzima maiki, au kuvua hedifoni. Aliinua mkono kuzivua. Mkono ukafika sikioni, ukabaki hapo.

"Mwisho wa mwezi tunafunga upande wa ushonaji," ilisema sauti ya Tajiri. "Makochi sasa yanakuja kwenye maboksi, Fundi. Unakata boksi, unafunga miguu, umemaliza. Hapa patakuwa duka."

"Mimi nitafanya nini humo dukani, bosi?"

"Ndiyo hilo ninalokuambia."

"Nitafagia, bosi. Nitafungua mlango. Nitabeba maboksi, mgongo bado ninao."

"Wabebaji wapo."

"Basi nipe hata ile cherehani kubwa, nikatafutie riziki nyumbani."

"Cherehani ni mali ya karakana."

"Bosi, mimi ni kama mtoto wako. Mimi ni mtoto wako, bosi. Usinitupe."

Fundi alipoanza kushika nyundo katika karakana ileile, Tajiri alikuwa bado akinyonya. Ukweli huo wote wawili waliujua, na hakuna aliyeutaja.

Mlango ukafunguka. Fundi akatoka, akajifuta mdomo kwa kiganja kama mtu aliyetoka kula, akasimama mbele ya kamera.

"Bosi anauliza kama mmekunywa chai."

"Tumekunywa," binti akasema. Hawakuwa wamekunywa.

"Haya. Tuendelee." Akapiga magoti mbele ya springi zake na kuongea na kamera bila kuitazama, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. "Kazi ya mikono haina kustaafu. Ofisi inaweza kukufukuza, lakini mkono haukufukuzi."

"Nzuri, mzee!" Miwani akasema. "Hiyo safi sana!"

Kabla ya kuondoka walijaribu kurekodi kimya cha karakana. Huku nyundo, kule redio, nyuma ya ukuta mtu anakata vyuma. Karakana haikuwa na kimya. Ilikuwa na kelele za aina mbalimbali tu.

 

Jioni hiyo Fundi alisimulia yote mezani, isipokuwa moja.

"Bosi mwenyewe alikuwa anapitapita," alisema. "Na koti."

"Amekusifia?" Mama akauliza. Alikuwa mpishi wa shule, na wapishi wenzake walishaambiwa kila kitu kuhusu filamu, pamoja na vitu ambavyo havikuwamo.

"Amenisifia."

"Alisema nini?"

"Alisema..." Fundi akatafuna kwanza. "Alisema wabebaji wapo, lakini mafundi ni wachache."

"Hata mimi ningesema hivyo," Mama akaafiki.

"Profesa mbona huli?" Shangazi akauliza. "Au siku hizi mnakula kwa kamera?"

Binti akala. Alikuwa na sauti mbili kichwani, moja ya baba aliyekuwa mezani na moja ya yule aliyejiita mtoto wa Tajiri, na hakuwa na pa kuziweka.

 

Mwalimu wa uhariri alikuwa na kawaida ya kutazama filamu za wanafunzi akiwa amesimama, ili asilale. Ya binti aliitazama mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Makochi haya yanauzwa wapi?" akauliza.

"Haya si ya kuuza, mwalimu."

"Basi kwa nini umetengeneza tangazo? Mzee anafunga springi. Mzee anasema mkono haufukuzi. Mzee anaingia nyumbani. Anaingia vizuri sana, hilo nakupa. Lakini shida yake ni nini? Mtu asiye na shida tumtazamie nini?"

"Shida ipo, mwalimu."

"Iko wapi? Mimi naona sponji." Akatazama saa. "Una mpaka wiki ijayo. Na unajua hali yako."

Alipoondoka, Miwani akavuta kiti. Kwenye kioo cha kompyuta, chini ya picha ya mlango uliofungwa, sauti zilionekana zimejipanga kama vimilima. Binti alikuwa amezizima.

"Hapa mbona kuna maneno na hayasikiki?" Miwani akauliza, na kabla hajajibiwa akavaa hedifoni, akabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipozivua, miwani yake ilikuwa imeingia ukungu, akaifuta kwa shati.

"Hapa ndipo filamu ilipo," akasema.

"Hapo ndipo baba yangu alipo."

"Ndiyo maana yake! Dada, weka hii tu. Mlango, na hiyo sauti. Hakuna atakayefeli mwenye kitu kama hiki."

"Yeye hajui kama ninayo."

"Mwambie."

"Nimwambieje? Baba, ile siku ulipolia kwa mtoto wa watu nilikuwa nasikiliza, na sauti imetoka safi?"

Miwani akafikiri. "Lakini imetoka safi kweli," akasema.

 

Chuo kiliruhusu kuazima kompyuta, binti akaja nayo nyumbani ili akate filamu mwenyewe. Ilikuwa mchana, na Fundi, ambaye hakuwa akichelewa tena kutoka kazini kwa sababu hakukuwa tena na cha kumchelewesha, alikaa nyuma ya bega lake.

"Hivi vimilima ni nini?"

"Sauti, baba. Mlima ni kelele, tambarare ni kimya."

"Huu mlima mkubwa?"

"Nyundo yako."

"Nyundo yangu!" Fundi akafurahi. Akaanza kusoma mwenyewe, kidole kikitembea karibu na kioo. "Hapa nagonga. Hapa nimepumzika. Hapa nagonga. Hapa..." Kidole kikasimama. "Hapa ni mlango wa ofisi."

"Ndiyo."

"Umefungwa."

"Ndiyo, baba."

"Mbona chini yake kuna milima?"

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akainua kichwa. Shangazi akaacha kuutazama ukuta.

Fundi alipapasa ukosi wa shati lake, mahali ambapo siku ile palikuwa na punje ya mahindi. Kisha akanyoosha mkono, na binti akampa hedifoni.

Alisikiliza ameinama, kama anavyosikiliza springi inayolia. Ilipokwisha akazivua, akaziweka mapajani.

"Nilidhani nilisema vizuri zaidi," akasema.

"Ulisema nini?" Mama akauliza. "Baba watoto, ulisema nini?"

Fundi akampa hedifoni. Mama akazivaa juu ya kilemba, akasikiliza, sinia la mchele bado magotini. Alipomaliza hakumtazama mumewe. Aliokota chenga moja kwenye mchele, akaitupa, kisha akampa Shangazi. Shangazi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa neno, alisikiliza, akazivua, akaenda jikoni kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Mtoto wake," ilisikika sauti yake huko, pamoja na maji. "Yule ukimbana pua maziwa yanatoka!"

"Mwisho wa mwezi ndiyo lini?" Mama akauliza.

"Ndiyo huu."

"Na mimi wapishi wote nimewaambia umesifiwa."

"Nitaifuta, baba," binti akasema. "Nafuta sasa hivi. Hakuna atakayesikia. Filamu nitafanya nyingine."

"Wiki moja?" Fundi akatikisa kichwa. "Ukifeli si wanakurudisha?"

"Wanirudishe."

"Tuwe wawili tunaokaa sebuleni? Nafasi haitoshi." Akageukia kioo tena. "Maneno yatoe. Mlango uuache. Niliingia pale, siwezi kusema sikuingia. Si una kiraka?"

"Kiraka cha karakana sina. Kilichopo ni cha hapa sebuleni."

"Kitambaa tofauti," Fundi akasema. Akafikiri. "Kitaonekana?"

"Hakuna atakayejua, baba."

"Basi kiweke." Alinyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. "Sasa niambie. Hii ya ofisini, haiwezi kurudiwa?"

"Baba, hii siyo kuingia mlangoni."

"Kwa nini isiwe? Hapa nimeingia mara ngapi mpaka nikapatia? Ile ya kwanza niliharibu. Mwite Miwani."

 

Tajiri alikuta kamera imeshasimamishwa katikati ya karakana.

"Bosi," Fundi akasema, "nimekuja kurudia yale mazungumzo yetu. Siku ile nilikosea."

Tajiri akaitazama kamera. "Ya filamu?"

"Ya filamu."

"Nivae koti?"

"Ukipenda."

Akavaa koti. Alitaka waingie ofisini wafunge mlango, lakini Fundi akasema uachwe wazi, kwa ajili ya mwanga. Mafundi wengine wakaacha nyundo na kusogea, na karakana ikanyamaza kwa mara ya kwanza.

Fundi akasimama wima. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishusha tu.

"Bosi," akaanza, "umeniambia mwisho wa mwezi kazi yangu hapa inaisha. Nimekusikia. Nilianza kwa marehemu baba yako, wewe ukilazwa kwenye sponji pale, ukikojoa. Sponji tulikuwa tunaanika." Mafundi wakacheka, Tajiri naye akacheka, kwa sababu ya kamera. "Sina ugomvi. Ila ile cherehani kubwa hakuna anayeijua hapa kuliko mimi, na makochi ya maboksi hayashonwi. Ndiyo neno langu. Nimemaliza."

Hakusema kufagia. Hakusema mtoto. Binti, hedifoni masikioni, alisubiri sauti ile nyingine na haikuja.

Ikawa zamu ya Tajiri. Alitazama mafundi, akatazama koti lake, akakohoa. Alikuwa ameona watu wakubwa wakiagana na wazee mbele ya kamera, na alijua kinachofuata.

"Fundi wetu huyu," akasema, "ni mzee wetu. Hatuwezi kumwacha aondoke mikono mitupu. Ile cherehani, Fundi, chukua. Kuanzia leo ni yako." Akageuka. "Nimepatia?"

"Umetazama kamera, bosi," binti akasema.

"Ah! Nirudie?"

"Tafadhali."

Tajiri akatoa cherehani kwa mara ya pili, bila kutazama kamera, na safari hii akaongeza na mabaki ya sponji. Miwani akasema kama bosi anataka wanaweza kupiga nyingine, betri bado ipo. Fundi akasema inatosha, wasimchoshe.

Kamera ilipofungwa, Tajiri alivua koti, akamvuta Fundi pembeni. "Ile ya cherehani," alisema kwa sauti ya chini, "si tulikuwa tunaigiza?"

"Bosi, ahadi ni deni," Fundi akasema. "Na hii ina picha na sauti."

Cherehani ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyegoma. Ilibebwa kwenye mkokoteni, ikaingia sebuleni baada ya kochi kutolewa, na tangu siku hiyo Shangazi alikaa kwenye kiti cha mbao, karibu na sindano, akilalamika kwamba ndugu zake wameamua kumshona. Mwanzoni kazi ilikuwa ya viraka vya viti na mikoba. Baadaye nayo ikawa ya viraka vya viti na mikoba. Ila ilikuwepo.

 

Matokeo yalibandikwa asubuhi, na binti alikuwa amefaulu, si kwa alama za juu, ila amefaulu. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwamba bosi anaigiza vibaya mno, na binti akamfuata kumwambia ni kweli anaigiza, lakini cherehani ipo nyumbani. Mwalimu akasema hilo hakulijua, akakaa kwenye kiti. Kisha akauliza nani aliyefikiria ule mlango.

"Baba."

"Mwambie nilishindwa kuondoa macho."

Jioni kulikuwa na onyesho la wazazi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na shuka jeupe ukutani. Fundi alikaa kati ya Mama na Shangazi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Tajiri alikuja na koti na kukaa mbele, maana alishawaambia watu kwamba anatokea.

Kwenye shuka Fundi aliingia nyumbani amechoka, na watu wakampenda. Aligonga misumari. Alifunga springi. Kisha sauti ikaita, "Fundi, njoo mara moja," naye akaenda, na mlango ukafungwa.

Mlango ukabaki umefungwa. Hakukuwa na maneno wala muziki. Palikuwa na mngurumo mdogo, kama wa jokofu, na mbali huko mtu akiita mtu asiyeitika. Watu waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Mbele, Tajiri alijikuna shingo, akageuka kutazama nyuma, akageuka tena.

Ndipo katika kimya hicho, kutoka kwenye spika mbili kubwa, ikapanda sauti moja ndefu.

"Hilo tumbo langu," Shangazi akanong'ona.

"Hapo ndipo uliposema?" Mama naye akanong'ona, mdomo karibu na sikio la mumewe.

"Hapo."

Fundi akamnyamazisha kwa kidole. Alikaa kama alivyofundishwa kukaa kimya kinaporekodiwa, mikono magotini, pumzi ndogondogo, mpaka mlango ule ukafunguka, akajiona anatoka, anajifuta mdomo kwa kiganja, anauliza kama wageni wamekunywa chai.